Siku Kumi na Tisa Kando ya Pampu

Mimi sina uvumilivu na watu wasiojua tarehe. Nimekuwa mhasibu wa kiwanda cha pampu cha familia yetu kwa miaka ishirini na sita, na kule karakana wananiita Mama Risiti wakidhani sisikii. Nasikia. Anayeniletea risiti iliyofifia namrudisha alikotoka, awe fundi, awe dereva, awe kaka yangu mwenyewe ambaye ndiye mkurugenzi. Kwa hiyo ilipofika barua ya mamlaka ya kodi ya nchi jirani, ikisema nimekosea kuhesabu siku, nilikasirika kwanza, ndipo nikaisoma.

Barua ilikuwa na kurasa tisa, ingawa kiini chake kingeenea nyuma ya bahasha. Tulikuwa tumefunga pampu nne kwenye mradi wa maji wa mji mmoja wa huko, mji mdogo kando ya ziwa, ng'ambo ya milima. Mkataba wa kodi kati ya nchi zetu mbili unasema hivi: kampuni ikifanya kazi ugenini kwa siku zisizozidi mia moja themanini na tatu, faida yake inatozwa kodi nyumbani tu. Ikizidisha, hata siku moja, inahesabiwa kuwa imeweka makao kule, na kule nako wanadai chao. Sisi tulikuwa tumeshalipa nyumbani kodi yote ya mapato ya kampuni. Wao wakahesabu mihuri kwenye pasi ya fundi wetu, wakapata siku mia moja tisini na saba. Wakatutoza kodi upya kwa faida ileile, wakaongeza riba, na juu ya riba wakaweka faini.

Niliwaandikia wa kwetu, nikiomba watupunguzie walichochukua. Wakajibu kwa adabu zote kwamba faida hiyo ni ya kutozwa hapa, tukamalizane na jirani. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Kaka aliiweka hesabu mezani. "Tukilipa mara mbili tunauza mashine," akasema. "Tukiuza mashine, hawa watu thelathini na mmoja nitawaambia nini?"

"Hatulipi. Nakwenda mwenyewe."

"Nenda na Sikio, basi. Siku ni zake."

Sikio ni shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu mkubwa. Jina hilo alilipata kazini. Huweka ncha ya bisibisi kwenye pampu inayofanya kazi, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho, kisha akakwambia beari ipi imeanza kuchoka. Maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Dada ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya wote wawili, na tulizoea hivyo. Tulimzika dada siku ya Jumatano. Jumatatu iliyofuata Sikio alivuka mpaka na pampu nne, kwa sababu mkataba wa mradi ulikuwa na tarehe, na aliyemkumbusha tarehe hiyo ni mimi.

Kiwanda chetu kina desturi moja aliyotuachia baba. Pampu ikishafungwa na mteja akatia saini hati ya makabidhiano, fundi haondoki. Anabaki nayo siku tatu, anaisikiliza tu, maana baba aliamini kwamba mashine husema kasoro yake pale inapodhani imeachwa peke yake. Tumeiandika desturi hiyo mpaka kwenye vipeperushi vyetu, na wateja wanaipenda. Kwenye daftari la kazi la Sikio, makabidhiano yalikuwa siku ya mia moja sabini na tano. Baada ya hapo kulikuwa na mistari ishirini na miwili inayofanana, mwandiko uleule wa kulalia kushoto: *Pampu ziko salama. Nasikiliza.* Daftari liliporudi niliipitia mistari ile, nikanung'unika kwamba huyu mtu anazidi kuwa mzito, nikamlipa posho ya siku zote, nikafunga jalada.

Sasa nililifungua tena na kupiga hesabu. Mia moja tisini na saba, toa ishirini na mbili: mia moja sabini na tano. Tumepona. Kilichobaki ni Sikio kusema kwamba siku zile hakuwa kazini.

Tuliondoka asubuhi kwa gari la kampuni, yeye kwenye usukani. Milimani tukakuta ukungu umelala barabarani na haukuwa na haraka ya kuamka. Niseme ukweli kwamba tangu msiba ule, mwaka mmoja na miezi, usingizi wangu ulikuwa wa kuibaibia. Nilikuwa nalala nimekaa, nalala kwenye foleni ya benki, macho yakiwa wazi. Mle kwenye ukungu nikaanza kuziona siku zenyewe zimejipanga kando ya barabara kama abiria wanaosubiri, kila moja na muhuri wake kwenye paji la uso. Nikawa nazihesabu. Kila nikikaribia mia moja themanini, mmoja wao anageuka kunitazama, nami napoteza hesabu na kuanza upya. Sikuwa na hofu. Nilikuwa na hasira tu kwamba hawatulii.

Nilizinduka kwenye kona. "Shemeji," nikasema, "wakikuuliza ulikuwa unafanya nini baada ya makabidhiano, sema ulikuwa unapumzika."

Kona tatu zilipita. "Siku tatu za kwanza sikupumzika," akasema. "Nilikuwa nasikiliza."

"Sema zote."

"Tatu zilikuwa kazi."

"Shemeji, ukweli wako huo utatufungia kiwanda."

Akabadilisha gia. Ningemtoa ndani ya gari, ila ndiye aliyekuwa anaendesha.

Ofisi ya kodi ya mji ule ilikuwa ghorofa ya tatu, madirisha yakilitazama ziwa. Ziwa lenyewe halikuonekana, weupe tu umeegemea vioo. Zulia lilikuwa nene mpaka nyayo zetu zikakosa sauti, na watumishi walipita na majalada kifuani bila kusikika, mlango ukafunguka, mlango ukafungwa. Kulikuwa na joto la kubembeleza. Kwenye sanduku la kioo samaki mmoja alikuwa anazunguka polepole, akifika pembeni anasimama, anafikiri, anarudi. Nikajikuta nimesahau kwa dakika nzima kilichonileta.

Mkaguzi alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, sauti ya chini, penseli imechongwa vizuri. Aliniita mama, na kila aliponiita mama nilijua kuna mahali anataka kukata.

Nikampangia karatasi zangu: mkataba wa kodi, mkataba wa mradi, hati ya makabidhiano. Nikamweleza kwamba baada ya saini ile mteja hakuwa na haki ya kutudai hata kukaza nati moja. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa kwenye jalada lake kipeperushi chetu chenye picha ya baba.

"Mama, hapa mmeandika wenyewe: 'Hatuondoki mpaka tumeisikiliza.' Na daftari lenu linasema nasikiliza, nasikiliza, mara ishirini na mbili. Nitasemaje kwamba kusikiliza si kazi?"

"Ni hisani."

"Hisani yenye posho? Mmemlipa posho ya kazini siku zote hizo. Saini hii ni ya nani?"

Niliitazama, ingawa hapakuwa na haja. "Yangu," nikasema.

Akamgeukia Sikio. "Mzee, desturi yenu ni siku ngapi?"

"Tatu."

Nilimpiga teke chini ya meza. Hakuutoa mguu wala hakunitazama.

"Na wewe ulikaa ishirini na mbili."

"Ndiyo."

"Hizo kumi na tisa za juu, pampu zilikuwa na tatizo?"

"Hazikuwa nalo."

"Nani alikutuma ubaki?"

"Hakuna."

"Sasa ulikuwa unafanya nini, mzee?"

Nilikuwa nimeshamtafunia jibu. Alichotakiwa ni kumeza. Sikio akaweka mikono yake juu ya meza, mikono yenye makovu ya spana, akaitazama kana kwamba ni vifaa alivyoazimwa.

"Nilikuwa nalala," akasema.

Penseli ya mkaguzi ilisimama.

"Miaka ishirini na minne nililala nikisikia pumzi za mke wangu," akaendelea, na sikuwahi kumsikia akiunga sentensi mbili, sembuse hizo. "Alipokufa usingizi ukakata. Miezi yote ile ya mradi nilikuwa nafumba macho tu. Kwenye nyumba ya pampu kuna benchi. Siku ya tatu ya kusikiliza, mchana, nilikaa pale. Zile ni pampu za pistoni. Namba mbili inavuta maji, inatulia kidogo, inayasukuma, inatulia. Nikalala. Nilipoamka jua lilikuwa limegeuka upande mwingine. Kesho yake nikafungasha nije nyumbani. Begi liko mkononi, nikaikumbuka nyumba ilivyo. Nikarudi kwenye benchi."

"Kila siku?"

"Kila siku, kumi na tisa. Daftarini niliandika nasikiliza kwa sababu ndicho nilichokuwa nafanya. Posho sikuiomba, niliikuta benki. Iko hukohuko."

"Mbona hukuomba likizo, mzee? Mtu akifiwa anapewa."

Akafikiri. Hapakuwa na lawama yoyote usoni mwake, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Kulikuwa na tarehe," akasema.

Niliona aibu. Sijui njia nyingine ya kulisema. Nilitaka zulia lile linimeze na viatu vyangu. Nilikuwa nimekuja na uongo mdogo ulionyooshwa pasi, kumbe ukweli wenyewe ulikuwa umekaa kando yangu tangu asubuhi, umeshika usukani, na katika mwaka mzima sikuwahi kumuuliza hata kama amelala vizuri. Nilichowahi kumuuliza ni risiti ya mafuta.

Mkaguzi alifunga jalada bila kelele. "Mama, nakuamini," akasema, akisahau kwamba aliyesema siyo mimi. "Lakini siwezi kuandika kwenye taarifa kwamba nimeamini. Nahitaji kitu cha kushika. Kesho asubuhi twende kwenye pampu."

Kesho yake ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Tulitembea tukifuata bomba kubwa la maji, mkaguzi mbele na buti zake, Sikio nyuma, hadi ukuta wa nyumba ya pampu ukajitokeza mbele yetu. Getini palikuwa na kibanda, na kibandani mlinzi mnene amejifunga skafu hadi masikioni. Alipomwona Sikio alitoka nje mikono imenyooka.

"Mzee wa benchi! Umerudi kulala?"

Mkaguzi akaonyesha kitambulisho, akauliza anamfahamu vipi mtu huyu.

"Huyu? Mimi nilimletea mpaka blanketi. Nilidhani ni mgonjwa, baadaye nikaona hapana, ana usingizi wa deni. Yumo humu." Akaingia kibandani, akatoka na daftari la geti, lile kubwa la jalada gumu ambalo kila anayeingia huandikwa: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sababu ya kuja. Mlinzi alikuwa mtu wa kazi yake. Alilamba kidole, akafungua kurasa za mwaka uliopita na kutuonyesha. Kwa miezi yote ile, mbele ya jina la shemeji yangu, kwenye sababu, alikuwa ameandika *kazi*. Makabidhiano, *kazi*. Siku tatu zilizofuata, *kazi*. Kisha, kwa herufi kubwa za mtu anayeandika akitoa ulimi nje: *kulala*. *Kulala*. *Kulala*.

"Wewe uliandika kulala?" mkaguzi akamuuliza.

"Sasa niandike nini, bosi? Nilimuuliza sababu, akaniambia nakuja kulala. Mimi siandiki uongo kwenye daftari la serikali."

Mkaguzi alihesabu kwa ncha ya penseli, akarudia, na mara ya pili alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kumi na tisa. Mia moja tisini na saba, toa kumi na tisa: mia moja sabini na nane. Tulikuwa chini ya kikomo kwa siku tano. Laiti Sikio angenitii na kuzikana zile tatu, daftari hilihili lingetuumbua mbele ya kibanda, na sijui ni nani angeamini tena neno letu lolote.

Mkaguzi akaanza kupiga picha ukurasa baada ya ukurasa. Mimi nikaingia ndani.

Nyumba ya pampu ilikuwa chumba kirefu chenye mwanga wa kijivu, sakafu imefagiliwa, na zile pampu zetu nne zimepakwa rangi yetu ya kijani. Nilizijua kwa namba na kwa gharama tu. Benchi lilikuwa ukutani, mkabala na namba mbili. Nikakaa, nikiwa na nia ya kungoja dakika mbili. Pampu ilivuta, ikatulia, ikasukuma, ikatulia. Ubao wa benchi ulikuwa unatetemeka kidogo sana chini yangu. Hapo mwili wangu ukakumbuka, kabla mimi sijakumbuka, kitanda kimoja cha utotoni tulichogawana watu wawili, mimi ukutani na dada upande wa nje ili nisianguke, na mgongo wake ukipanda na kushuka. Nikasema ngoja nifumbe macho kidogo.

Nilipoamka nilikuwa nimefunikwa blanketi lenye harufu ya mafuta ya taa. Ukungu ulikuwa umeondoka na ziwa lilikuwa pale dirishani, lote. Mkaguzi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaandika magotini.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Umelala kwa muda wa saa tatu na nusu, mama. Mzee alituambia tusikuamshe."

Nje, Sikio na mlinzi walikuwa wameegemea geti, mlinzi akiongea kwa wawili.

Mengine yalikwenda kwa njia ya karatasi, na karatasi ina mwendo wake. Mkaguzi aliandika taarifa. Maafisa wa mamlaka mbili, wale ambao kazi yao ni kuelewana pale mkataba unapogombewa, wakaandikiana kwa miezi minne. Jibu lilikuwa fupi: siku za kazi ni mia moja sabini na nane, hakuna makao ya biashara kule, dai la kodi linafutwa pamoja na riba na faini. Kaka aliisoma akiwa amesimama karakanani. Kisha akakaa juu ya kreti na kujifuta uso kwa kitambaa cha grisi, na mafundi wakamcheka mpaka naye akacheka. Mashine hazikuuzwa.

Lilibaki jambo moja kwangu. Siku kumi na tisa zisizokuwa za kazi hazikai kwenye gharama za mradi. Ilibidi niziondoe, nirekebishe ritani yetu ya kodi ya mwaka ule, tuongeze kidogo kwa mamlaka ya nyumbani, na kwenye jalada niweke fomu ya likizo ya kila siku niliyoiondoa. Nikamwita Sikio ofisini baada ya chakula cha mchana. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kofia mapajani. Tarehe nilikuwa nimeshazijaza. Penye sababu nikaandika *kufiwa na mke*, na kalamu yangu ikasimama hapo kidogo, kwa kuwa katika ofisi ile, kwa mkono wangu, sijawahi kuandika popote kwamba dada yangu amekufa.

"Tia saini hapa, shemeji."

Akatia. Akaisoma fomu kuanzia juu mpaka chini, polepole, jinsi anavyosikiliza beari.

"Na wewe," akasema, "za kwako ziko wapi?"

"Zipi?"

"Za kufiwa na dada yako."

Nikamwambia sina muda wa maswali. Hakuondoka. Nikavuta daftari la mahudhurio la mwaka ule ili nimwonyeshe, nikalifungua kwa hasira, nikaitafuta ile wiki. Jumatano, siku ya mazishi, kiwanda kilifungwa. Alhamisi, saa moja na dakika hamsini asubuhi, saini yangu. Ijumaa, saini yangu. Nikaendelea kufunua kurasa, nikidhani itakuwepo hata moja, hata nusu siku ambayo nilikwenda mahali nikakaa. Nilifunua miezi.

"Hakuna," nikasema, na sauti ikanisaliti hapohapo kwenye neno hilo. Nikalia, mimi, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi na karakana nzima ikisikia, na nilikuwa na hasira kwamba nalia, na sikuweza kuacha.

Sikio alisubiri. Halafu akanyoosha mkono, akachukua fomu nyingine tupu kwenye rundo, akachukua na kalamu yangu. Akaandika jina langu. Penye sababu akaandika *kufiwa na dada*. Penye tarehe ya kuanza akaandika kesho. Alipofika penye idadi ya siku akapaacha wazi, akanisogezea karatasi na kidole kimeonyesha mahali pa saini.

"Hapo palipo wazi," akasema, "utajaza ukirudi."